Kinga Isiyo na Duka: Hali ya Biashara ya Ulinzi wa Kompyuta Sumbawanga

Mtu atokaye Tunduma kwa basi, akaifuata barabara ya lami ipitayo Laela katikati ya mashamba ya mahindi na alizeti hata akaufikia mji wa Sumbawanga, ulioketi juu ya uwanda wa Ufipa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hatakawia kuona, kabla hata hajapata mahali pa kuteremsha mizigo yake, kwamba baina ya maduka ya pembejeo na maduka ya nguo na vibanda vya mawakala wa fedha za simu kuna namna moja ya duka isiyokosekana katika mtaa wowote: chumba kimoja chenye kompyuta mbili au tatu, mashine ya kudurufu karatasi, na kibao cha rangi kilichoorodhesha huduma zitolewazo humo, tangu kuchapa barua na kudurufu vyeti hata kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuomba ajira serikalini, kutoa namba ya malipo ya serikali na kujaza ritani za kodi. Watu huliita duka hilo steshenari. Humo, na katika sebule za walimu, wauguzi, makarani wa maghala na wafanyabiashara wa nafaka waliojinunulia laptopu zao, ndimo zilimo kompyuta za Ufipa ambazo makala haya yanakusudia kuzitazama; maana kompyuta ya dukani na kompyuta ya nyumbani zina maradhi yale yale, aghalabu zimeambukizana zenyewe kwa zenyewe, na tabibu wao ni mmoja.

Tabibu huyo ni fundi. Kampuni ya kulinda kompyuta, yenye mkataba na ada ya mwaka na mtu wa kuitikia simu usiku, ni kitu cha Dar es Salaam na cha mabenki, wala si cha mwalimu wa kata ya Kizwite wala cha mwenye steshenari. Kilichopo Sumbawanga ni biashara ya tiba: mashine imekuwa nzito, au mafaili yametoweka, au kioo kimejaa matangazo ya aibu yasiyofungika, basi huchukuliwa kwapani hadi kwa fundi, naye hupiga Windows upya, hutia programu ya kuua virusi, hupokea ujira wake, na mgonjwa hurudi nyumbani akingojea maradhi yajayo. Nami nathubutu kusema tangu hapa kwamba sehemu kubwa ya hasara ya wenye kompyuta wa nchi hii haitokani na uhodari wa wadukuzi wa ng'ambo, bali yatokana na jinsi ujira huo ulivyopangwa. Kwani fundi hulipwa mashine ikiugua, halipwi ikiwa na afya, na zile kinga zilizo bora kuliko zote, ambazo takriban zote hazina bei, hazina muuzaji kwa sababu hiyo hiyo ya kutokuwa na bei.

Yafaa tukumbuke kwamba uhusiano wa Watanzania na mashine hizi haukuanza kwa mapenzi. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta ya kwanza ya nchi mwaka 1965, na matumaini yaliyowekwa juu yake yakavunjika vibaya kiasi cha kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Na mwaka huo huo wa 1974 ndipo ulipozaliwa mkoa wa Rukwa, ulimo mji huu. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuendelea, lakini Sumbawanga, iliyokuwa mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,100, yenye barabara ya vumbi na umeme ulioletwa kwa miaka mingi kutoka Zambia, ilingoja zaidi ya wengine. Nyaya za baharini zilipotia nanga Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani, ndipo intaneti ilipokuwa jambo la kila siku huku bara. Wakati huo virusi vya kompyuta vilikuwa vimekwisha kuwa watu wazima: kile kiitwacho Brain, cha kwanza kuenea katika kompyuta ndogo za aina ya IBM, kilitungwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Yaani Ufipa ilipokea mashine na maradhi yake siku moja, bila ile miaka ya katikati ambayo watu wengine waliitumia kujifunza hadhari.

Maradhi ya kwanza kwa wingi ni yale ya flashi. Nilipata kumpa mwenye steshenari mmoja flashi yangu anichapie kurasa nne tu, na niliporudi nyumbani nikaichomeka katika kompyuta yangu, kila folda niliyokuwa nayo ilikuwa imegeuka kijialama chenye mshale mdogo pembeni, na kila nilipokibofya, mambo niliyoyaandika yalifunguka kama kawaida huku nyuma ya pazia kirusi nacho kikijiingiza nyumbani kwangu kwa mkono wangu mwenyewe. Hila hii ina historia yake. Zamani Windows iliruhusu programu iliyomo ndani ya flashi ijiendeshe mara tu ichomekwapo, mpaka mwaka 2011 Microsoft ilipoufunga mlango huo hata kwa mashine za zamani. Basi watunga virusi, walipoona mlango umefungwa, wakabuni njia ya kumfanya mwenye nyumba aufungue kwa hiari yake, kwa kuzificha folda halisi na kuweka mahali pake sanamu zake. Dawa si ya kununua. Ni kuiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa pamoja na viambishi vya mwisho vya majina yake, ili barua inayojiita PDF lakini ikaishia na herufi exe ijulikane kuwa si barua bali ni programu. Na ni kumtumia mwenye steshenari kazi kwa baruapepe badala ya kumkabidhi flashi. Wako wenye maduka wachache ambao hukataa kabisa flashi za wateja, na wateja huwaona wana kiburi. Mimi nawaona ndio waungwana wa kazi hii.

Maradhi ya pili ni makubwa zaidi, nayo hayaingii kwa bahati mbaya bali kwa kulipiwa. Laptopu nyingi zinazouzwa mikoani ni za mtumba, zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, zikapitia Dubai au kwingineko, zikatua Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikapakiwa basini hadi kwetu. Mashine yenyewe mara nyingi ni njema. Iliundwa kwa kazi za ofisi na hustahimili. Lakini leseni ya Windows 11 ya nyumbani, kwa bei iliyotangazwa na Microsoft wenyewe Marekani, ni dola 139, fedha ambayo kwa mkulima wa Ufipa ni magunia kadhaa ya mahindi, na kwa fundi ni zaidi ya ujira wa mashine nyingi. Hivyo fundi hupiga Windows ya bure kutoka katika flashi yake, kisha huendesha programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni, ambayo ameipata kwa fundi mwenzake, naye aliipakua mahali asipopajua mwenyewe. Na sharti la kwanza la programu hiyo, lililoandikwa wazi katika maelekezo yake, ni kwamba kinga ya kompyuta izimwe kwanza, kwa kuwa ikiachwa macho itapiga kelele.

Msomaji na ajiulize: ni bawabu gani huyu anayeamriwa alale ili mgeni apite, na mgeni huyo akabidhiwa funguo zote za nyumba? Programu za namna hii si zote zenye sumu, lakini mwenye kuzitumia hana njia ya kupambanua, maana ile kelele ya kinga inayomwonya ameambiwa aipuuze. Na miongoni mwa virusi vilivyoenea sana miaka hii ni vile vinavyosafiri ndani ya programu zilizovunjwa kufuli, vikikaa kimya bila kuharibu kitu, vikikusanya nywila zote zilizohifadhiwa katika kivinjari na kuzituma kwa bwana wao. Kompyuta haiwi nzito, mafaili hayapotei, wala mwenye mashine haendi kwa fundi. Anakuja kutambua siku ambayo baruapepe yake haimfungukii tena.

Maadamu leseni ni ghali, je, hakuna njia ya halali? Ipo, nayo inashangaza jinsi isivyosemwa. Laptopu nyingi za mtumba ziliuzwa mara ya kwanza zikiwa na leseni yake, iliyoandikwa ndani ya chuma chenyewe, na fundi akipiga toleo lile lile lililokuja na mashine, Windows huitambua leseni hiyo pasipo kuombwa. Tatizo ni kwamba fundi ana flashi moja yenye toleo moja kwa wote. Kadhalika ziko programu za uendeshaji za familia ya Linux, kama vile Ubuntu na Mint, zisizouzwa kabisa, ambazo zinatosha kwa kuchapa, kusoma baruapepe na kuingia katika mifumo ya serikali. Lakini mteja aliyezoea Windows akiona sura nyingine hudhani ametapeliwa, na fundi hana subira ya kumfundisha bila malipo.

Sasa tuje kwenye bando, maana hapa ndipo uchumi na usalama vinapogongana uso kwa uso. Ofisini Dar es Salaam intaneti hulipiwa kwa mwezi na haina kipimo. Nyumbani Sumbawanga hununuliwa kwa megabaiti, na aghalabu simu ndiyo inayoigawia kompyuta. Windows nayo, kwa desturi yake, hujisasisha yenyewe bila kuomba ruhusa, na sasisho moja laweza kumeza bando la wiki kabla mtu hajamaliza kusoma barua moja. Basi ombi ambalo mafundi hulisikia mara nyingi mno, kuliko hata ombi la kuua virusi, ni kuizuia kompyuta isile bando; na fundi hodari hujua kuzima masasisho yasirudi tena daima. Mteja hushukuru, bando hudumu, na tangu siku hiyo kila ufa utakaogunduliwa katika mashine ile utabaki wazi.

Anayedhani kwamba hilo ni dogo na akumbuke yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017, wakati kirusi kilichoitwa WannaCry kilipozunguka dunia kwa siku chache, kikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, kikayafunga mafaili ya watu kwa siri na kudai fidia ya dola 300 ili yafunguliwe, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Ufa kilioupitia ulikuwa umekwisha kuzibwa na Microsoft katika mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Waliopatwa, wengi wao, ni wale ambao sasisho halikuwa limewafikia au walilizuia. Hakuna aliyebofya kitu. Mashine isiyo na sasisho ilitosha. Seuze mashine ya leo ambayo masasisho yake yalizimwa siku ile ile iliponunuliwa.

Nakubali kwamba kumwambia mtu mwenye kipato kidogo anunue bando kubwa kwa ajili ya kitu asichokiona ni kumwambia maneno ya watu walioshiba. Lakini Windows 10 na Windows 11 zina chaguo la kuieleza kompyuta kwamba mtandao una kipimo, na likiwashwa, masasisho makubwa husubiri mpaka mwenyewe aruhusu. Hivyo mtu aweza kuchagua usiku wa bando nafuu, au siku atakapokuwa mahali penye waifai, akayapokea kwa mkupuo. Tena zina chaguo jingine, lisilojulikana kabisa huku kwetu, la kompyuta zilizo katika mtandao mmoja kugawana sasisho: moja hupakua, nyingine hunakili kwake bila kulipakua tena lote kutoka intaneti. Mwenye steshenari aliyeunganishwa na waya wa mkongo angeweza kulifanya hili kuwa huduma, mteja akaacha laptopu yake saa mbili kwa ada ndogo na kuichukua imekwisha kusasishwa. Sijaona kibao chochote mjini kilichoandikwa huduma hiyo. Na bado ndiyo tiba pekee ambayo, ikiuzwa, ingekuwa na mteja yule yule kila mwezi badala ya kumngoja augue.

Badala yake kinachouzwa ni antivairasi. Fundi hutia Avast, au Kaspersky, au ESET, au ile Smadav ya Indonesia inayopendwa kwa ajili ya flashi, pengine mbili tatu kwa pamoja, zikigombana ndani ya mashine yenye kumbukumbu ndogo hata ikashindwa kufungua barua. Na kwa kuwa leseni za mwaka nazo zina bei, mara nyingi zenyewe huvunjwa kufuli kwa njia ile ile niliyoieleza, jambo ambalo ni sawa na kununua kufuli kwa mwizi. Mteja huona kijialama kikiwaka pembeni mwa kioo, naye moyo hutulia. Ilhali tangu Windows 8 ya mwaka 2012 Microsoft wameweka kinga kamili ndani ya mfumo wenyewe, bila malipo, nayo kwa mtu wa nyumbani inatosha iwapo tu itaachwa ifanye kazi na ipate masasisho yake. Wala jina kubwa si dhamana: mwezi Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za tovuti ambazo wateja wake walizitembelea, wateja walioiweka programu hiyo ili walindwe. Na katika mwaka huo huo Marekani ilizuia uuzaji wa Kaspersky nchini mwake kwa hofu iliyotokana na kampuni hiyo kuwa ya Urusi.

Wafipa husema jina la mji wao maana yake ni tupa uchawi: msafiri auingie mji akiwa ameziacha hirizi zake nje. Watani wa mikoa mingine wameligeuza jina hilo, wakaifanya Sumbawanga kuwa ndiyo nyumba ya uchawi na radi za kutumwa, na wenyeji wameuvumilia mzaha huo kwa uungwana mwingi. Lakini mintarafu ya antivairasi nadiriki kusema kwamba tumelisahau jina. Wafua chuma wa Kifipa wa zamani, waliosimamisha yale matanuru ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi na yaliyowaka bila mivukuto kwa upepo wa kujipitia, walizika dawa katika tanuru ili kulikinga na husuda. Walakini dawa hiyo haikuwa badala ya udongo mwema wala makaa makavu. Sisi tumeweka dawa, tukaacha udongo.

Liko jambo moja ambalo mwandishi wa Rukwa hawezi kulipita kimya. Taarifa za robo mwaka za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa miaka ya karibuni zimeutaja mara kwa mara mkoa wetu, pamoja na Morogoro, kuwa katika safu ya mbele nchini kwa majaribio ya utapeli kwa njia ya simu: wale wa ile pesa itume kwenye namba hii, wale wa mwanao ameanguka shuleni, wale wa umeshinda bahati nasibu usiyoicheza. Ni fedheha kwa mkoa ambao nchi nzima huutegemea kwa nafaka. Lakini kwa hoja yetu ya leo lina funzo la kibiashara: matapeli hawa hawakuvunja kompyuta ya mtu yeyote, hawakutunga kirusi, hawakununua programu. Wametambua kabla ya wasomi kwamba mlango dhaifu wa kila mfumo ni mtu mwenye haraka. Na sasa kwa kuwa baruapepe, akaunti ya benki na WhatsApp zote hutuma tarakimu sita kwenye simu ili kumthibitisha mwenyewe, tapeli anayeweza kumrai mtu amtajie tarakimu hizo kwa simu ameipata kompyuta yake pia. Tarakimu hizo hazina sababu yoyote ya kutajwa kwa kiumbe mwingine, awe anajiita mtumishi wa benki, wa kampuni ya simu, au wa serikali. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040. Na mwenye kutaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake hubonyeza *106#.

Turudi katika steshenari, maana ndiko amana kubwa ilikowekwa. Kijana wa Namanyere au Matai aombaye mkopo wa chuo hafungui akaunti yake mwenyewe. Hufunguliwa na kijana wa steshenari, kwa baruapepe iliyotungwa hapo hapo, kwa nywila ambayo mara nyingi ni moja kwa wateja wote au ni jina la mteja likifuatiwa na 123, kisha huandikwa katika daftari la duka ili akirudi amesahau isiwe taabu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huandikwa papo hapo, yenye tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyoachwa katika folda ya kompyuta miaka na miaka. Sisemi kwamba wenye maduka ni wezi; wengi ni watu wa kuaminika mno, wanaoitwa mwalimu na majirani kwa heshima. Nasema kwamba kompyuta ile moja, yenye Windows iliyovunjwa kufuli na masasisho yaliyozimwa, inayopokea flashi hamsini kwa siku, imebeba siri za kata nzima.

Sheria imekwisha kufika. Sheria ya Makosa ya Mtandao imetumika tangu Septemba 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetumika tangu Mei 2023, nayo inamtaka kila akusanyaye taarifa za watu ajisajili kwa Tume iliyoundwa kwa ajili hiyo, azilinde, na asikae nazo kupita haja. Yeyote aliyewahi kusimama katika foleni ya steshenari siku za maombi ya mikopo ataona umbali uliopo baina ya maneno hayo na daftari lile la kaunta. Ushauri wangu kwa mteja ni mfupi: keti mwenyewe kwenye kibodi wakati wa kuandika nywila, kataa kivinjari kikiuliza kama kiihifadhi, toka katika akaunti kabla ya kuinuka, na uombe nakala za vyeti vyako zifutwe mbele ya macho yako. Na nywila isiwe tarehe wala jina la mtoto. Iwe ndefu, ya maneno matatu au manne yasiyohusiana, mathalani ulezi, kengele, Kasanga na mwavuli, ingawa hayo sasa hayafai tena kwa kuwa yamekwisha kuchapwa hapa. Na ya baruapepe isitumiwe mahali pengine popote, kwa kuwa aliye na baruapepe yako aweza kuzibadilisha nywila nyingine zote.

Kuhusu nakala za akiba nitasema machache, kwani kila mwaka kuanzia Novemba mpaka Aprili mbingu za Ufipa zenyewe hutoa mafunzo. Radi ikipita katika waya wa umeme haibagui kompyuta yenye antivairasi na isiyo nayo. Mwenye diski ya pembeni, anayeichomeka mara moja kwa wiki, akanakili kazi zake, kisha akaichomoa na kuiweka kabatini, amejikinga kwa tendo moja na radi, na mwizi wa dirishani, na kirusi cha kudai fidia; lakini ile inayoachwa imechomekwa daima itafungwa na kirusi pamoja na mashine yenyewe. Diski ni moja ya vitu vichache katika orodha hii ambavyo vina bei na vinastahili bei hiyo.

Linalobaki ni la kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11 haikubali rasmi mashine isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, wala takriban zote zenye chipu za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Yaani laptopu nyingi za mtumba zilizomo majumbani mwetu, na nyingine ambazo bado zinauzwa kwa maneno matamu, zimefika mwisho wa njia zingali na afya. Kwa mtu wa nyumbani kumewekwa muhula wa nyongeza, wa dola 30 au wa bure kwa atakayeiunganisha mashine yake na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko, nao hupatikana katika ukurasa ule ule wa masasisho ambao mafundi wetu wameuzima. Mwenye kununua na aulize kizazi cha chipu kabla ya kuuliza bei. Na mwenye mashine ya zamani afanye hesabu yake sasa, mahindi yakiwa bado ghalani, kwa kuwa muhula huo unakoma tarehe 13 Oktoba 2026.